Siku Nilipomsahihisha Babu Kiingereza cha Gofu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu moja tu: watu wa Masaki, kijiji chetu cha Kisarawe, wamekuwa wakiisimulia kwa niaba yangu miaka nenda miaka rudi, na kila anayeisimulia anaongeza chake, na juzi nimemsikia mtu ambaye siku ile hakuwapo hata Kisarawe akisema kwamba nilimpiga baba yangu kwa shoka. Si shoka jamani. Kilikuwa kijipira cheupe, kidogo kama yai la kanga, na wala sikukusudia. Lakini kwamba nilimwangusha baba yangu mzazi mchana kweupe, siku ya Idd, mbele ya ukoo mzima, na watu wakashika majembe kwenda kumchimbia kaburi, hilo ni kweli, siwezi kulikana. Na kwamba chanzo cha yote kilikuwa Kiingereza changu, hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma zaidi.

Kwanza mnijue, naitwa Saidi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakienda ngoma, mimi nimekaa barazani. Wakienda kuwinda nguruwe wanaokula mihogo, mimi nimebaki kulinda chungu. Ila nilikuwa na kitu kimoja kilichonipa kichwa kikubwa kupita mwili: nilikuwa nimefika darasa la kumi, enzi zile za Mwingereza ambapo kijana wa darasa la kumi akirudi likizo watu walimletea barua awasomee na dawa awaambie zinanywewa vipi. (Dawa nilikuwa nakisia.)

Sasa Babu. Babu yangu, Mzee Kondo, alifanya kazi kwenye kiwanja cha gofu cha wazungu kule kilimani Kisarawe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zilipogeuka pamba. Neno lenyewe lilitutesa sana mwanzoni, maana kwetu gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta, kwa hiyo shangazi yangu Mwajuma alipoambiwa utotoni kwamba baba yake ameajiriwa kwenye gofu alilia siku mbili, akidhani mzee amewekwa kulinda nyumba yenye mashetani. Kumbe kazi ilikuwa kupiga pasi mchanga. Pale penye shimo la kutumbukizia mpira hapakuwa na majani, palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe, na kila wazungu wakishapita na kuukanyaga, Babu alikuja nyuma na ubao wake wenye mpini mrefu, akiulainisha mpaka ukawa kama shuka ya bwana harusi. Alikuwa anajivunia mchanga ule! Ungemkanyagia nguo yake ya sala angekusamehe, lakini si mchanga.

Huo mchanga ndio uliomtenga na baba yangu.

Bibi alipozidiwa na homa, miaka tisa kabla ya mkasa huu, Baba alitoka mbio Masaki mpaka kiwanjani kumwita Babu. Babu hakuja mpaka jioni, na alipofika Bibi alikuwa ameshafungwa taya. Msibani watu wakauliza, Mzee ulikuwa wapi? Babu akasema mwanangu alikuja, lakini hakuniambia kwamba mama yake amezidiwa. Baba akasema nilimwambia. Babu akasema hukuniambia. Na kati ya mzee na kijana watu walimwamini nani? Baba akabaki na jina la mwana aliyeshindwa hata kufikisha habari ya mama yake. Baada ya arobaini alifunga mizigo, akahamia Dutumi, upande wa Kibaha, akalima mpunga huko, na hakurudi tena.

Kuanzia hapo mimi nikawa posta. Kila likizo nilipita Dutumi, kisha Masaki. Baba aliniambia, "Ukifika, mwambie babu yako shikamoo." Nami nikaibeba hiyo shikamoo siku nzima kwa miguu, nikaifikisha, na Babu akaitikia, "Mwambie marahaba." Nikairudisha marahaba Dutumi likizo ilipokwisha. Hebu fikirini: shikamoo ya mtoto kwa baba yake inachukua wiki tatu kwenda na kurudi, kama barua ya Ulaya!

Babu alipostaafu, wazungu walimpa fimbo tatu za gofu zilizochakaa na mfuko wa mipira iliyokwanguka rangi. Akaja navyo Masaki, na kwenye shamba la mihogo lililokwisha kung'olewa, katikati ya mikorosho, akatengeneza kiwanja chake. Shimo moja tu. Oili aliomba kwa dereva wa lori. Na mchanga akaupiga pasi kila asubuhi baada ya sala, ingawa hakuna aliyecheza.

Siku moja nilimuuliza, kwa utani wetu wa babu na mjukuu, "Mume mwenzangu" (ndivyo tulivyoitana, kwa sababu Bibi marehemu alikuwa akiniita mume wake), "hicho kiwanja unamtengenezea nani, kenge?"

Hakucheka. Akasema, "Kule kilimani alikuja mzungu mmoja mzee, baba wa bwana mmoja wa pale, na mjukuu wake. Wakacheza watatu. Yule mzee akipiga, mpira unaingia porini, na mwanawe anamcheka. Anamcheka baba yake, Saidi, wazi kabisa! Na mzee naye anacheka. Mjukuu anaokota. Wakapita hivyo mashimo yote, mimi niko nyuma yao na ubao. Nikasema kumbe baba na mwana wanaweza kukaa mchana kutwa namna ile." Kisha akaongeza, akiangalia kwingine, "Miguu yangu inaisha. Nataka Shomari aje apige hata mmoja."

Shomari ni baba yangu.

Basi Shangazi Mwajuma akaishughulikia. Alikwenda Dutumi mwenyewe, akakaa mlangoni kwa Baba siku tatu, akikataa kula wali wake, mpaka Baba akasema: haya, nitakuja Idd Mosi, nitasimama kidogo, nitarudi. Shangazi alirudi akaniambia, "Saidi, sikiliza. Kaka yangu anakuja. Wewe kazi yako ni moja: wakutane, wacheze, basi. Usiharibu." Nikamwambia, shangazi, mimi nitaharibuje?

Idd ikafika. Watu wametoka kwenye sala na kanzu zao, Shangazi yuko jikoni na pilau, nusu ya Masaki imejaa pembeni mwa shamba kuja kuona wazimu wa Mzee Kondo, na saa nne hivi Baba akatokea na baiskeli yake. Amevaa koti jeusi juu ya kanzu. Akaiegemeza baiskeli kwenye mkorosho, akaanza kusalimia. Akamsalimia kila mzee shikamoo, mmoja mmoja, mpaka akamfikia Babu.

"Habari za hapa," akasema.

Habari za hapa! Mtu anamwambia baba yake habari za hapa, kama anauliza njia! Nilisikia kina mama wakivuta pumzi kwa pamoja. Babu akajibu, "Nzuri," kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba, na mkono wake aliokuwa ameshauinua kupokea shikamoo akaupeleka kichwani, akajifanya anarekebisha kofia.

Hata hivyo hakukata tamaa. Akashika fimbo, akatuita karibu, mimi na Baba, akaanza kufundisha. Mguu huu hapa, mguu huu pale, mikono hivi, macho kwenye mpira. Alikuwa amebadilika, jamani, mgongo umenyooka, sauti imetoka. Nilimtupia Baba jicho nikaona anasikiliza. Kweli anasikiliza! Hata fimbo aliipokea, akaipima uzito.

"Na kabla ya kupiga," Babu akasema, "lazima mtu apaze sauti: Fooo! Hiyo ni lazima. Bila hiyo hakuna kupiga."

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na sababu zote za kunyamaza. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi ni wa darasa la kumi.

"Babu, samahani," nikasema. "Foo ni nne."

"Nne?"

"Nne ya Kiingereza. Wani, tuu, thrii, foo. Kwa hiyo hiyo inapazwa mtu akifika pigo la nne. Pigo la kwanza utasemaje nne, na hujapiga hata moja?"

"Eee!" watu wakasema. "Kisomo hicho!"

Babu akanitazama. "Mimi nimewasikia kwa masikio yangu, Saidi. Wanaisema hata pigo la kwanza."

Mtu mwenye akili angerudi nyuma hapo. Mimi nikasonga mbele. "Labda walikuwa wanajihesabu, Babu. Si wanacheza watu wanne wanne?"

Baba akacheka. Hakikuwa kile kicheko Babu alichokiona kilimani. Alicheka kwa pua, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Amekaa nao uzee wake wote, kumbe hata nne hakuijua. Ndiyo maana haambiwi neno akalisikia."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakajua wamecheka nini, wakanyamaza. Babu alisimama pale na mpira kiganjani. Nilitamani ardhi ya Masaki initafune na viatu vyangu vya shule.

"Sawa," akasema Babu. "Kama kitabu kinasema nne, ni nne." Akauacha mpira chini, akachukua ubao wake, akageuka, akaenda polepole kule mwisho wa shamba, akatupa mgongo, akaanza kupiga pasi mchanga ambao hakuna aliyekuwa ameukanyaga.

Baba akaiweka fimbo chini. "Nimekuja, nimeona," akamwambia hewa. "Nakwenda." Akaanza kuielekea baiskeli yake.

Nikaona kazi niliyopewa, ile moja tu, inaondoka na koti jeusi. Nikashikwa na kiwewe. Nikasema nikipiga mpira mzuri, ukaruka, Baba ataona raha yake, atarudi. Nikaiokota fimbo, nikaukamata ule mpira, nikauweka, nikaita, "Baba, ngoja! Tazama basi hata mmoja!" na papo hapo, bila mguu huu hapa wala mguu huu pale, nikauvurumisha kwa fimbo kwa nguvu zangu zote. Na sikupaza lolote, kwa sababu lilikuwa pigo la kwanza, na mimi nilikuwa nimeshathibitisha mbele ya umma kwamba pigo la kwanza halipazwi!

Mpira ulitakiwa kwenda kwa Babu. Haukwenda kwa Babu. Ulikwenda kushoto, kama umeitwa, ukagonga shina la mkorosho, ko! ukarudi pembeni, na Baba ambaye alikuwa amegeuka kuitikia wito wangu ukamkuta katikati ya paji la uso.

Alianguka bila kusema neno. Baiskeli ikamwangukia juu, kengele yake ikalia yenyewe, kriling, kriling, halafu ikanyamaza.

Sasa ajabu ya ulimi: lile neno nililolizuia lilikuwa bado limekaa kooni, na kwa mshtuko likatoka, tena kwa sauti kubwa, tena mara nyingi, "Foo! Foo! Fooo!" huku nakimbia. Shangazi alikuwa jikoni, mbali, moshi machoni. Alichosikia yeye ni "Kafa!"

Akatoka na mwiko. "Nani?"

"Baba!" nikajibu, nikidhani ananiuliza nimempiga nani.

"Mamaaa! Kaka yangu kafa!"

Na hapo tena ndugu zangu hapakuwa na breki. Shangazi kapiga yowe, mwenzake kalipokea, la pili limezaa la tatu, wa mashamba ya jirani wanakuja mbio na kanzu zimekunjwa kiunoni. Mimi nimefika kwa Baba, nimepiga magoti, nimeweka sikio kifuani: kimya kabisa. (Baadaye nilikuja kugundua sikio nililiweka juu ya kopo la ugoro lililokuwa mfukoni mwa koti.) "Hapumui!" nikasema. Mimi, msomi, ndiye niliyethibitisha. Wakambeba, wakamlaza kwenye mkeka barazani, Shangazi akamfunika khanga yake mwili mzima mpaka kichwani, na mtu mwingine kashaondoka kwenda msikitini kuomba jeneza, na vijana sita kwa hesabu yangu wakapita na majembe, wakiwa bado wamevaa kofia za Idd.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ukutani nalia kamasi. Nasema nimeua. Nasema naacha shule. Hakuna aliyenisogelea, mtu aliyeua baba yake siku ya Idd unamwambia pole ya nini?

Babu alikuwa hajafika. Masikio yake hayakuwa mazuri, na miguu ndiyo hiyo, na shamba ni refu; ilibidi mtu aende akamwambie, amshike mkono, amlete. Nikamwona anakuja na ubao wake bado umo mkononi, unaburuta nyuma yake unachora mstari. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya ile khanga. Hakulia.

Kabla ya Babu kusema kitu akaingia Maganga. Maganga ni Mnyamwezi aliyekuja zamani kwa kazi za mkonge, akaoa kwetu, na kwa Wazaramo Mnyamwezi ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, hukasiriki. Alikuwa ameiokota fimbo yangu kule shambani, akasimama katikati ya ua, akatikisa makalio kama nilivyotikisa mimi, akavurumisha hewa.

"Wazaramo!" akapiga kelele. "Wenzenu wanauawa na simba, nyinyi mnauawa na yai! Tena yai la mzungu! Marehemu mwenyewe bahili, miaka tisa hajaleta hata kibaba cha mchele hapa, leo anakuja kula pilau letu, Mungu akasema, wewe! Piga huyo!"

Kina mama wakacheka huku wanalia, maana ndiyo desturi yenyewe. Mimi kila alipovurumisha ile fimbo nilitamani inipate.

Akaingia mmoja wa wale vijana wa majembe, udongo hadi magotini, akachutama mbele ya Babu kwa adabu. "Mzee, samahani. Tumeshaanza, pale ubavuni kwa mama yake. Ni sawa, au tumtafutie mahali pengine?"

Babu akainua kichwa.

"Maganga," akasema, "nyamaza kidogo."

Maganga akanyamaza, na mtani hanyamazishwi.

"Ubavuni kwa mama yake ni sawa," Babu akasema. "Mahali pake ndipo hapo. Mimi siku yangu ikifika mnizike kwingine." Akaweka kiganja juu ya khanga, pale kifua kilipo, akawa sasa haongei na yule kijana. "Uliniambia, Shomari. Ulikuja unahema, ukasema, baba, mama amezidiwa, anakuita. Nilikusikia vizuri. Nikasema nimalizie mchanga huu, wazungu wako nyuma. Nikamalizia. Nikasema nimalizie na huu. Nilikuta wameshamfunga taya. Watu wakaniuliza, nikaona haya. Nikasema hukuniambia." Akapumzika. "Nilikuzulia uongo, mwanangu, mbele ya maiti ya mama yako. Na kila ulipoleta shikamoo kwa huyu mtoto, nilitaka kukurudishia neno hilo badala ya marahaba. Sikuweza. Mtu mzima mimi. Sikuweza."

Hapakuwa na anayelia tena. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nami niliyedhani siku ile nimeshashtuka kiasi cha mtu kushtuka, nilikaa pale ukutani mdomo wazi, kwa sababu miaka tisa mimi mwenyewe, mwana wa Shomari, nilikuwa nimemwamini Babu.

Ndipo sauti ikatoka chini ya khanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwana..." akaitikia Babu, kwa mazoea, na neno likamfia mdomoni.

"Naomba uinuke kidogo. Umenikalia mkono."

Jamani! Maganga ndiye aliyekuwa wa kwanza. Bingwa wa kukejeli maiti, aliruka ukuta wa makuti akaondoka nao. Shehe aliyekuwa anaingia na sanda aliirusha juu, ikatua kwenye sufuria la pilau. Watu walipita mlangoni watatu watatu. Ua uliokuwa umejaa ukabaki na watu wanne: Babu, ambaye miguu haikumruhusu kukimbia, Shangazi, aliyezimia, Baba, aliyekuwa amekaa sasa na khanga begani, nundu kwenye paji imesimama kama pembe, na mimi, ambaye sikukimbia kwa sababu nilikuwa nimeshikilia nguzo kwa mikono na miguu.

Babu alinyoosha kidole, akaigusa ile nundu taratibu, kama anavyopima mchanga.

"Inauma?"

"Inauma, Baba."

"Nani kakupiga?"

Baba akanionyesha kwa kidevu. "Huyu msomi."

Wakanigeukia wote wawili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kwamba macho yao ni yale yale.

"Hivi, Baba," Baba akauliza, bila kuniondolea macho, "lile neno wanalopaza, maana yake nini hasa?"

"Mimi Kiingereza sijui," akasema Babu. "Ninachojua, likipazwa unaficha kichwa, maana mpira unakuja. Kuna siku sikulisikia." Akavua kofia, akaonyesha kovu juu ya sikio.

Baba akalitazama lile kovu, akaishika nundu yake, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Babu naye akaanza. Walikuwa wanacheka! Walicheka mpaka Babu akamwegemea mwanawe, na kila wakitaka kunyamaza mmoja alisema "nne," wakaanza upya. "Wani, tuu, thrii," Baba alisema, machozi yanamtoka. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia pole.

Mngedhani yamekwisha. Hayakuisha. Lilibaki kaburi, limeshafika magotini, na kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, ni mkosi, lazima kizikwe kitu, na kinachozikwa ni mgomba. Na mgomba lazima ubebwe na mtu. Baba na Babu wakashauriana (kushauriana kwao kwa kwanza baada ya miaka tisa), wakakubaliana mara moja, bila ubishi, nani atabeba. Basi nikautia mgomba begani, mzito, unanidondoshea maji kwenye shati jeupe la Idd, nikapita nao kijiji kizima, na Maganga, aliyekuwa amerudi na aibu yake anataka kuifuta kwa yangu, akatangulia mbele anatangaza, "Pisheni! Pisheni! Mwana anamzika baba yake!" Watoto nyuma. Kina mama vizingitini wananipa pole, wameshika mbavu. Nikauzika. Nikarudi.

Nilipofika shambani nikawakuta wawili wale wanacheza. Baba alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Alipiga, mpira ukaenda porini, Babu akamcheka. Akapiga Babu, ukaenda porini zaidi, Baba akamcheka yeye. Nikanyoosha mkono kuomba fimbo. Babu akanipa ubao.

Baba hakurudi Dutumi siku ile wala ya pili yake. Alikaa mpaka pilau jipya likapikwa na kwisha, na tangu hapo kila Idd alikuja, na siku nyingine zisizo za Idd pia, kwa baiskeli ile ile, na shikamoo yake alikuja nayo mwenyewe. Mimi nikapoteza kazi ya posta. Fimbo sijawahi kupewa tena. Babu alipofariki, na hii ilikuwa kweli, kitandani kwake baada ya sala ya alasiri, mkono wake ulikuwa kwenye mkono wa Baba, na tulimzika ubavuni kwa Bibi. Baba ndiye aliyesema azikwe hapo.

Ilikuwa baada ya hitima, tumekaa Baba na mimi tunachambua mchele, ndipo nilipomuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuuliza.

"Baba, siku ile ulizinduka saa ngapi?"

"Nilizinduka?" Akapuliza pumba. "Sikuzimia."

"Hukuzimia!"

"Niliona nyota kidogo. Wakati mnanibeba nilikuwa mzima kabisa. Mmoja wenu alikuwa ananifinya."

Nikaweka ungo chini. "Sasa mbona hukuamka? Shangazi analia, watu wanachimba kaburi, sanda inaletwa!"

"Nilitaka kuamka. Kisha nikasikia ule ubao wa babu yako unaburuta, anakuja. Nikasema, ngoja. Ningeamka pale angeniambia nini? Pole. Nami ningesema nimeshapoa. Ningepanda baiskeli yangu."

"Na mimi je?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Nimekaa pale ukutani, nalia nimekuua, naapa naacha shule! Hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri sana," akasema Baba, na akachukua konzi nyingine ya mchele. "Nikasema huyu mwache alie kidogo. Kisomo kilikuwa kimemzidi."

Niliapa siku ile ya mgomba kwamba sitamsahihisha tena mtu mzima mbele ya watu, na kiapo hicho nimekitunza, lakini sikuwahi kukiona kizito kama pale kwenye ungo. Maana nilikuwa na la kumjibu. Zuri, lenye hoja tatu, la kitabuni kabisa. Nikamtazama anavyochambua, punje moja moja, nikalimeza.